Ndege ya Kamba: Namna ya Kugeuza Mwili wa Sanduku Kuwa Mwili wa Ubao

Wadogo zetu wa madarasa ya chini wanaopita mbele ya atelye ya useremala wanatuuliza kila siku: «Juu ya nini munakata ndege yenu kama samaki?» Hii somo ni jibu letu. Tutaeleza namna ya kuchukua ndege ndogo ya kamba yenye mwili wa sanduku na kuipa mwili bapa, ni kusema ubao mmoja uliosimama, wenye sura ya ndege ukiitazama kwa upande. Wafaransa wanaita namna hiyo profili. Waliosoma fizika watafuata kwa upesi, wengine wasome polepole, hakuna kitu kigumu.

Kwanza tuseme ndege ya kamba ni nini. Haina redio. Inafungwa nyuzi mbili zinazotoka katika bawa la kushoto na kufika katika mkono wa mtu anayesimama katikati. Motere inaivuta mbele, nyuzi zinaizuia, basi inazunguka mtu kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Ndani ya ndege kuna kipande kinachoitwa palonie: kipande cha pembe tatu kinachozunguka juu ya buloni moja. Ukiinua mkono, uzi mmoja unavutwa, palonie inageuka, inasukuma chuma chembamba mpaka mkiani, na kibao cha mkia kinainuka, ndege inapanda. Ukiteremsha mkono, inashuka. Ni hivyo tu. Huko Marekani Jim Walker wa Portland alifanya ndege hizi zijulikane na kuuzwa kwa wingi tangu 1940, na mwaka 1942 akapewa hati ya uvumbuzi. Lakini mwaka 1955 mahakama ya kwao ilikubali kwamba mtu mwingine, Oba St. Clair, alikuwa amerusha ya namna hiyo mbele yake. Hata mwili bapa haukuanza kwetu. Ndege ya Ringmaster, ya mabawa ya santimeta 107 hivi, ilitoka karibu mwaka 1950 ikiwa na mwili wa ubao, na vijana wengi sana duniani walijifunza kurusha nayo.

Sasa juu ya nini kugeuza? Ndege yetu ilikuwa na sanduku la tripleksi la milimeta 3, la urefu wa santimeta 65. Upepo wa ziwa uliiangusha, sanduku likapasuka nyuma ya mabawa. Mabawa, mkia na motere ya 2.5 cc vilibaki vizima. Tulipoweka sanduku peke yake juu ya mizani ya laboratwari, ilisoma grama 310. Ndege nzima ilikuwa na grama 765. Hapo ndipo tulianza kuwaza. Sanduku lile linafanya kazi gani? Halibebi ndege hewani, hiyo ni kazi ya mabawa. Halivuti, hiyo ni kazi ya motere. Kazi yake ni kushika tu: kushika motere mbele, mabawa katikati, mkia nyuma, kila kimoja fasi yake na mwelekeo wake. Kama ubao unaweza kushika vile vile, sanduku ni mzigo. Tena sanduku likipasuka unahitaji siku tano za kutengeneza, na ubao ukivunjika unahitaji kola, vipande viwili vya mti na usiku mmoja wa kungoja.

Na kwetu Kavumu uzito si jambo dogo. Ziwa Kivu liko kwenye meta 1,460 juu ya bahari, na sisi tuko juu yake, karibu meta 1,700. Hewa ya hapa ni nyepesi: ukilinganisha na hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, tunabakiwa na sehemu 85 hivi kwa mia. Bawa linapata hewa chache ya kukanyaga, elisi inapata hewa chache ya kusukuma, na motere inavuta pumzi fupi. Kwa hiyo ndege inayoruka vizuri pwani inaweza kuwa mvivu hapa. Mabawa yetu yana urefu wa santimeta 100 na upana wa 20, ni kusema desimeta mraba 20. Kwa grama 765 kila desimeta mraba ilibeba grama 38. Tulitaka ishuke karibu 30.

Basi tukapima mbao. Katika vitabu wanasema balsa, lakini balsa hapa haiko. Fanyeni hesabu pamoja nasi: ubao wa urefu wa santimeta 65, kimo cha 6 kwa wastani, unene wa milimeta 12, ni santimeta kyubu 468. Balsa ingekuwa na grama 75. Ubao mzima wa sipresi, ile inayopandwa kila fasi kando ya mashule, ni grama 210 hivi. Mkaratusi unapita 300, ni kusema tumerudia sanduku. Mwanzi ungetusaidia, lakini ule mwingi uko juu Kahuzi-Biega, na ile ni parke tangu 1970. Mtu asipande kule na panga kwa kusema bulletin imemtuma.

Tulichofanya ni sandwichi. Tulichora upande wa ndege ya zamani juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kisha tukapiga fremu ya vipande vya sipresi vya milimeta 12 kwa 10 kufuata ukingo wote. Ndani ya fremu tukajaza frigoliti, ile nyeupe inayofunga televizyo na frigo zikiwa mpya katika katoni. Pande zote mbili tukabandika karatasi ya saruji mara mbili, kwa kola nyeupe iliyoongezwa maji kidogo. Karatasi ya saruji inadharauliwa bure. Ikikauka inakazana kama ngozi ya ngoma, na ndiyo inayozuia ubao usijipinde. Hapo angalieni: bandikeni pande mbili siku moja, na mlaze ubao kati ya mbao mbili zilizonyooka zenye mawe juu. Ukibandika upande mmoja na kuacha wa pili mpaka kesho, karatasi inakauka na kuvuta, ubao unakuwa kama ndizi.

Lakini kabla ya kuchora chochote, pimeni fasi ndege ya zamani inapolala sawasawa juu ya vidole viwili. Sisi tulifunga vipande vilivyopasuka kwa uzi, tukaipima, tukaweka alama juu ya bawa: santimeta 4.5 nyuma ya ukingo wa mbele. Ndege mpya lazima ilale pale pale, au mbele kidogo. Ikilala nyuma zaidi, itakuwa kama baiskeli yenye mzigo wote nyuma: gurudumu la mbele linaelea, na mwendeshaji anahangaika. Kwa ndege ya kamba kuhangaika kunadumu sekunde moja.

Sasa tufike kwenye pua, maana hapa ndipo mwili wa ubao una ugonjwa wake, na wale wanaosema «ile haiko ndege, ni planshi» wana haki kidogo. Sanduku lina kuta nne, linashika motere kama mtu anayebeba ndoo kwa mikono miwili. Ubao unaishika kwa mkono mmoja. Motere ndogo inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Ubao ukiwa mwembamba unatetemeka, mafuta ndani ya tanki yanatoka povu, motere inameza hewa badala ya mafuta, inapata joto na kuzimika ndege ikiwa juu. Mtu anafikiri motere imeharibika, anaifungua, anaiharibu kwa kweli. Kumbe ni pua.

Dawa yake iko hivi. Chukueni miti miwili ya mbao ngumu, libuyu au mkaratusi mkavu, milimeta 12 kwa 12. Hii ndiyo itashika buloni nne za motere. Isiishie nyuma ya motere! Iende mpaka iguse ukingo wa mbele wa bawa, hata ikiingia kidogo chini na juu ya bawa ni bora. Kwetu ina santimeta 15. Kisha bandikeni tripleksi ya milimeta 3 pande zote mbili za pua, kutoka mbele mpaka katikati ya bawa, na mwisho wake wa nyuma ukatwe mshazari, usikatwe wima. Ukikatwa wima, mstari ule ndio utakaopasuka siku ya kwanza ya kutua vibaya. Tanki msiifunge moja kwa moja juu ya mbao. Wekeni chini yake kipande cha sponji la godoro, na mfunge kwa mpira wa chemba ya baiskeli. Sponji linakula mtetemo.

Motere inalala kwa upande, silinda ikielekea upande wa nje wa mzunguko. Ndege yetu inazunguka kinyume cha saa, mtu yuko kushoto kwake, basi nje ni kulia. Tanki pia inakaa kulia, nyuma ya motere, na mstari wa katikati ya tanki uwe kimo kimoja na fasi mafuta yanapoingilia katika motere. Bomba la kunyonya liende kwenye kona ya nje na ya nyuma ndani ya tanki, kwa sababu ndege ikizunguka mafuta yote yanakimbilia kule, sawa vile abiria wa basi wanavyoegemea upande mmoja kwenye kona za barabara ya Bukavu. Motere yenyewe iangalie nje kidogo, digri mbili tu, ili ndege ivute nyuzi na zisilegee. Kwenye ncha ya bawa la kulia tulitia grama 20 za risasi, kulipa uzito wa nyuzi zilizo kushoto.

Palonie ilitupa kazi kuliko vyote. Katika sanduku, buloni yake ilikuwa imesimama juu ya sakafu ya sanduku. Sasa sakafu haiko. Kuna watu wanaotia buloni katika ubao wenyewe kwa kipande cha bati kilichokunjwa. Tunasema hapana, hata kidogo. Buloni ile moja inabeba mvuto wote wa ndege. Tulifungua karatasi ya bawa la kushoto karibu na mwili, tukatia kibao cha tripleksi cha santimeta 6 kwa 6 kati ya miti miwili ya bawa, tukakibandika na kukifunga kwa uzi wenye kola, na palonie ikasimama juu ya kibao kile. Hivi mvuto unapita katika miti ya bawa na ubao hauusikii. Chuma cha kwenda mkiani ni rayo ya baiskeli, inapita nje ya ubao upande wa kushoto. Tuliitilia vipete viwili vya waya, ili isijipinde inaposukuma.

Mvuto wenyewe ni kiasi gani? Wa sayansi wachukue kalamu. Nyuzi zina meta 15. Mzunguko mmoja ni meta 94. Ndege ikizunguka kwa sekunde 5, mwendo wake ni meta 19 hivi kwa sekunde, karibu kilometa 68 kwa saa. Mwendo mara mwendo, gawanya kwa 15: tunapata 24. Zidisha kwa kilo 0.63, uzito wa ndege mpya: nyutoni 15, kama kilo moja na nusu inayoning'inia mkononi. Hiyo ni kukiwa kimya. Upepo ukipiga, au ndege ikipiga mbizi na kuinuka, inazidi mara kadhaa. Kwa hiyo sheria yetu ni kupima kwa mara kumi ya uzito: tulifunga ndege kwenye meza, tukaning'iniza jerikani yenye lita 6 za maji kwenye kishikio, na kuiacha ndege ikivutwa kwa nyuzi zake dakika nzima. Palonie haikusogea. Mtu akitaka kurusha bila jaribio hili, aondoke katikati yetu, maana ndege ikikatika inakwenda moja kwa moja na chuma chake cha moto, na wanaotazama ni watoto.

Nyuzi zenyewe ziwe za kusokotwa. Uzi wa nailoni wa wavuvi, ule mmoja unaong'aa, unavutika kama mpira: mkono unainuka na mkia hausikii.

Kuingiza bawa ni kazi ya uvumilivu. Unakata tundu lenye sura ya bawa katikati ya ubao, unaacha walau santimeta mbili za mti juu na chini, unapitisha bawa. Kisha pima kwa uzi kutoka ncha ya kila bawa mpaka katikati ya mkia. Vipimo viwili vilingane. Simama nyuma, funga jicho moja, tazama kama mkia na bawa ni mstari mmoja. Msitie kola mpaka wawili wamekubaliana. Mashimo ya kupunguza uzito yakatwe nyuma ya bawa tu, wala yasikaribiane.

Mwisho wa kazi mwili mpya, pamoja na miti ya pua na tripleksi yake, ulisoma grama 175. Ndege nzima 630. Kila desimeta mraba inabeba 31.5. Tulitaka 30, tutafurahi na hii.

Neno juu ya mafuta. Motere hii inakunywa methanoli sehemu tatu na mafuta ya mbarika sehemu moja. Mawese hayafai, hayakubali kuchanganyika na methanoli, yanakaa mbali kama maji na mafuta ya taa. Methanoli inafanana na pombe kwa macho na kwa harufu, lakini si kanyanga. Mililita 10 zinaweza kumpofusha mtu maisha yake yote, na kidogo zaidi ya hapo zinaua. Chupa yetu imefungwa katika kabati ya laboratwari, ina alama ya fuvu, na ufunguo uko kwa mwalimu wa shimi. Ikiwaka mchana moto wake hauonekani vizuri. Kwa hiyo sigara, brazero na udadisi vikae mbali.

Sasa swali ambalo mmengoja: itaruka siku gani? Tuseme wazi. Tunakaa karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 14 Februari 2025 uwanja ule ulishikwa na M23, na tangu siku zile hakuna mtu Kavumu asiyeinua kichwa akisikia kitu kinalia angani. Mama anayerudi shambani hatajua kama ile sauti ni kitu cha wanafunzi. Ndege ya kamba haiwezi kupita meta 15 kutoka mkononi, haina redio, haina kamera, lakini hayo tunayajua sisi tulioitengeneza. Anayesikia nyuma ya ukuta hayajui. Kwa hiyo tumepeleka barua kwa Prefe, na yeye ameahidi kuongea na wakubwa wa mtaa na majirani mbele ya motere kuwashwa hata mara moja. Mpaka jibu lifike, ndege inaning'inia katika atelye. Wale wanaotuomba «paka dakika mbili, nyuma ya darasa» wasituombe tena. Nyuma ya darasa kuna nyuzi za umeme pia, na uzi wa chuma ukigusa umeme hauna haja ya vita ili kuua.

Ruhusa ikipatikana, itakuwa katikati ya uwanja wa mpira, asubuhi kabla ya upepo wa ziwa, si wakati wa radi. Mrushaji afunge kishikio kwa kamba kwenye kifundo cha mkono. Watazamaji nyuma ya mstari wa chokaa, meta 25 kutoka katikati.

Kwa sasa tunaanza mwili wa pili, wa akiba. Tunakusanya karatasi za saruji zisizolowana, frigoliti, na rayo za baiskeli zilizonyooka. Jumamosi saa nane, atelye ya useremala. Darasa la saba na la nane wanakaribishwa kushika msasa. Msumeno tutashika sisi.